Chembe Zilizokataa Maji ya Mlimani

Mliniomba niandike kabla sijasahau, nami nimekubali kwa sharti kwamba msitegemee hotuba. Nani alipanda cheo lini na nani alilipwa nini, hayo kaulizeni ofisi ya utumishi, wana makabati. Mimi nitaandika kuhusu majitaka, kwa sababu ndiyo niliyoyajua, na kuhusu kosa moja nililolifanya kwa huruma kisha nikalificha kwa siku tisa. Kosa hilo lilikaribia kuzika kazi ya mtu aliyeniamini. Nianzie mbali kidogo, la sivyo hamtaelewa mama mzima na akili zake anawezaje kulionea tope huruma.

Kiwanda chetu cha ngozi mnakijua, na harufu yake mnaijua zaidi. Nilipoingia pale mara ya kwanza nilikuwa nimeshuka kutoka Kinole, kwetu mlimani, nakaa kwa shangazi yangu Kilakala, na nilikuwa nimevaa sketi niliyoipiga pasi mara mbili kwa sababu niliambiwa nitakuwa karani wa maabara. Nikapewa mabuti ya mpira yaliyonizidi na kupelekwa nyuma ya kiwanda, kwenye bwawa la majitaka, kwa Fundi Mkude. Alikuwa mtu mfupi, mkimya, mwenye kitambaa cha kufutia mikono kikining'inia mfuko wa nyuma. Nikamwamkia.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba. Umekunywa chai?"

"Bado."

"Rudi kantini kanywe. Humu mtu haingii na tumbo tupu. Harufu ikikuta tumbo tupu inapanga chumba."

Nilidhani ananitania. Siku iliyofuata nilijifanya shujaa, nikaja bila kunywa kitu, na ilipofika saa nne nilikuwa nimeinama nyuma ya chumba cha pampu. Alinisukumia tu kikombe. Tangu hapo mpaka nastaafu sikuwahi kuikosa chai ya asubuhi, na kila mgeni aliyekuja chini yangu nilimuuliza swali lile lile.

Fundi Mkude alinifundisha kwa vitu vitatu. Cha kwanza bisibisi ndefu: ncha unaiweka kwenye pampu, mpini unaubandika sikioni, na unasikia beringi inavyolalamika wiki mbili kabla haijavunjika. Cha pili mti mrefu aliougongomelea misumari kila shubiri moja, wa kupimia tope limefika wapi chini ya bwawa. Cha tatu kilikuwa chupa ya jamu. Unachota maji ya bwawa, unaiweka chupa juu ya ukuta, unasubiri. Tope likizama haraka na maji yakabaki safi juu, bwawa lina afya. Likisita katikati kama mtu asiyejua aende au arudi, kuna jambo. Nimepewa vipimo vingi baadaye, vingine vya kuchomeka kwenye umeme, lakini mpaka mwisho nilikuwa naanza na chupa.

Kwa wale mlioletwa juzi, nieleze kwa ufupi taka yetu inatoka wapi. Ngozi mbichi haisafiri bila chumvi, itaoza. Mchinjaji wa Dumila au wa Gairo anaipaka chumvi ya mawe, anaikunja, na inafika kwetu ngumu na nzito. Hapo inalowekwa. Yale maji ya kwanza ya kulowekea ndiyo adui: yana chumvi iliyoyeyuka, damu, kinyesi, na shahamu inayoelea juu vipande vipande. Baadaye inakuja chokaa na mambo mengine, lakini nikiulizwa ni maji gani yalinizeesha, ni yale ya kwanza.

Na kinachosafisha majitaka si mashine. Mashine inapuliza hewa tu. Wanaosafisha ni vijidudu wasioonekana, wanaoishi ndani ya lile tope. Sisi tulikuwa tunawaita wadudu, na mafundi wote wa kazi hii wanawaita hivyo. Wanakula uchafu, wanazaliana, wanashikana wakawa mabonge laini mepesi. Shida ya bwawa letu la zamani ilikuwa wepesi huo. Chumvi ikizidi, wadudu wanakufa. Shahamu ikiwagusa, wanaelea na kutoka pamoja na maji mpaka mfereji wa nje. Mwaka mmoja akina mama wa mtaa wa chini walikuja na balozi wao wa nyumba kumi, na mmoja wao, Mama Chausiku, akaweka ndoo ya maji ya mfereji juu ya meza ya meneja. Juu yake kulikuwa na utando wa mafuta. Akamwambia, "Baba, nawe unawe uso hapa, tukuone." Meneja hakunawa. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na nilitamani ardhi ipasuke.

Fundi Mkude alikuwa ameshastaafu na kufariki alipokuja Injinia Neema. Huyo alikuwa binti wa Mbeya, mwembamba, kofia ngumu inamcheza kichwani, na alifika na dumu la lita ishirini ambalo hakukubali mtu ambebee. Nikamuuliza lina nini.

"Tope, mama. Limetoka kwenye mashamba ya chumvi Bagamoyo."

"Umepanda nalo basi?"

"Nimelipakata. Konda aliuliza, nikamwambia ni dawa ya asili. Akaniuliza inatibu nini."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia bado tunachunguza."

Nikampenda hapo hapo. Nilikuwa na umri wa kumzaa, na nilikuwa nimeshachoka na mainjinia wanaokuja na majibu.

Alichotaka kufanya, alisema, ni kuwafanya wadudu waache kuwa mabonge laini, wawe chembe. Chembe ngumu, za mviringo, nzito, zinazozama zenyewe. Tulikuwa na tangi refu la chuma lililokuwa la akiba ya maji, akalichukua hilo, akamimina ndani lile tope la Bagamoyo lenye wadudu waliozoea chumvi. Mzunguko wake ulikuwa hivi: tunajaza majitaka kutoka chini, tunapuliza hewa saa kadhaa, tunazima hewa tope litue, kisha tunamwaga maji ya juu. Hadi hapo hakuna kipya. Kipya kilikuwa muda wa kutua. Bwawani tulikuwa tunaliachia tope saa nzima. Yeye akaliachia dakika chache tu, halafu anafungua. Kila kilichokuwa hakijazama kikatoka.

Niligomba. "Injinia, unamwaga wadudu wazima!"

"Namwaga wasiojua kuzama, mama. Watakaobaki watazaa wanaojua."

"Na wakitoka wote?"

"Basi tutakuwa na tangi la maji machafu na mimi nitarudi kwetu."

Wiki za mwanzo ilielekea atarudi kwao kweli. Kila siku tope lilipungua, na nilikuwa naangalia mfereji kwa uchungu kama mtu anayeona unga wake unamwagika. Kisha asubuhi moja nikachota chupa yangu ya jamu, nikaiweka ukutani, na kabla sijageuka vizuri kuna vitu vilikuwa vimeshafika chini. Nikaichukua, nikaizungusha. Punje, ndogo kama ulezi, rangi ya asali chafu. Zikapanda na kuzunguka, nikaacha, zikashuka tena moja moja. Nilipiga kelele mpaka walinzi wakaja. Wakaangalia chupa, wakaniangalia mimi, wakarudi getini.

Mchana ule Neema aliikata chembe moja kwa wembe na kuniwekea kwenye darubini. Nilikaa pale mpaka shingo ikauma. Akanieleza kwamba chembe ni kama nyumba yenye vyumba. Nje wanakaa wanaopenda hewa, ndani kabisa ambako hewa haifiki wanakaa wengine wasioitaka, na kila mmoja anakula anachomwachia mwenzake. Wote wameshikwa na ute wao wenyewe. Nikamuuliza nani anaamua aingie nani. Akasema hajui. Nikamuuliza wa ndani wakifa, wa nje watajuaje. Akacheka, akaandika swali langu kwenye daftari lake, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza katika kazi yangu mtu mwenye shahada kuandika kitu nilichokisema mimi.

Nitoe onyo hapa, maana nimewasikia baadhi yenu mkiwadanganya wageni. Chembe hazili chumvi. Chumvi inaingia na chumvi inatoka. Zinachokula ni mafuta, damu na uozo, huku zimekaa ndani ya chumvi hiyo bila kufa. Ukitaka chumvi ipungue, ishughulikie kabla ya maji. Ndiyo maana Neema alikwenda idara ya kuloweka na kumbembeleza Swalehe, msimamizi wa pale, kwamba kila ngozi ikung'utwe juu ya chanja kabla haijaingia majini. Swalehe alikuwa mtu wa miraba minne, mwenye sauti ya kuadhini na kiburi cha miaka yake. Alikubali baada ya wiki tatu. Pia tulijenga mtego wa mafuta, lile sanduku la zege ambamo maji yanapita taratibu na shahamu inaelea juu ikakombwa.

Basi tukaanza kuzizoesha chembe. Tuliongeza chumvi kidogo kidogo, tunasubiri siku kadhaa, tunaongeza tena. Kila kipimo kilipopanda zilivurugika, maji yakawa na ukungu, halafu zikatulia. Mimi nilikuwa nazungumza nazo, msinicheke. Mtu akishinda na kitu kila siku atakisemesha tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa Idd el-Hajj. Ninyi mmeshaiona: kila nyumba yenye uwezo inachinja, na ndani ya siku tatu ngozi zinatujia nyingi kuliko za mwezi mzima. Nyingi zimetiwa chumvi na watu ambao si kazi yao. Mtu anaogopa ngozi ya Idd isiharibike, anatia chumvi, anatazama, anatia tena kwa nia njema. Chumvi ya Idd haina mfano. Meneja alitwambia wazi. Chembe zikivuka Idd, tangi la pili litajengwa. Zisipovuka, tunarudi bwawani, mfereji utabaki vile vile, na mkataba wa injinia unaishia hapo.

Idd ikaja. Nilikula pilau la watoto wangu Kihonda mbiombio, siku ya pili nikarudi kazini. Kipimo cha chumvi kilipanda kuliko tulivyowahi kukiona. Neema hakuondoka kwenye lile tangi. Alikuwa anakula amesimama. Siku zikapita na chembe zikashikilia. Kisha Alhamisi akapigiwa simu kwamba mama yake amelazwa Mbeya. Akafunga begi huku analia, na kabla hajaondoka akanishika mikono.

"Mama Zuhura, usibadilishe kitu. Ukiona ajabu, andika tu kwenye daftari la zamu."

"Nenda mwanangu. Mama yako kwanza."

Ijumaa zilikuwa nzima. Jumamosi asubuhi nikaweka chupa ukutani. Chembe zilikuwa zinazama polepole. Zilikuwa zimepauka pia, na juu ya tangi kulikuwa na povu. Nikazisubiri, nikachota tena, hali ile ile. Nikasema hizi zinakufa. Chumvi imezishinda.

Sasa nieleze nilichokifanya. Mtu akizidisha chumvi kwenye maharage anaongeza maji. Mama yangu alifanya hivyo, nami nimefanya hivyo maisha yangu yote. Na pale ukutani, hatua tano kutoka kwenye tangi, kuna koki ya maji yanayotoka moja kwa moja kwenye kijito cha Uluguru, yale ya kuoshea sakafu. Maji matamu, ya baridi, niliyoyanywa tangu utoto wangu kule juu. Nilizionea huruma. Baada ya adhuhuri nikavuta mpira, nikafungua koki, nikayaacha yaingie mpaka alasiri. Kipimo cha chumvi kikaporomoka na mimi nikafurahi. Nilikwenda nyumbani nikijiona nimeokoa jahazi.

Jumapili asubuhi tangi lilikuwa uji. Nilichota chupa, hakuna kilichozama. Nilichota ya pili na ya tatu. Kulikuwa na ukungu wa kahawia, harufu ya shombo, na chini kabisa vipande kama maganda. Nikakaa kwenye ngazi. Halafu nikafungua daftari la zamu, nikaandika kipimo cha chumvi cha Ijumaa, nikaandika hali ya Jumapili, na mstari wa Jumamosi mchana nikauacha mtupu. Hata sikujiambia kwamba naficha. Nilijiambia nitaandika baadaye.

Neema alirudi Jumanne, mama yake akiwa na nafuu. Aliangalia tangi, akaangalia daftari, hakunilaumu hata kidogo. Akasema, "Basi chumvi ya Idd imezidi uwezo wake. Ndiyo sayansi." Aliingia ofisini na kuanza kuandika ripoti: kwamba chembe haziwezi kuhimili chumvi ya kiwango kile, na haishauriwi kuendelea. Nilimpelekea chai na nikaona mistari ile kwenye kompyuta. Nilirudi nyuma ya kiwanda, na nikanyamaza. Nilikuwa nimebakiza miaka miwili kustaafu na sikutaka kuondoka nikiwa mama aliyeua tangi.

Lakini kuna kitu kiliniwasha kuliko aibu. Nilitaka kujua. Nilitaka chumvi ndiyo iwe na hatia, na nilitaka kuiona kwa macho yangu, nipate kulala. Ndani ya jokofu la maabara tulikuwa tunatunza sampuli ya kila siku, na ile ya Ijumaa ilikuwepo, chembe nzima zimelala chini ya chupa. Ijumaa iliyofuata, Neema akiwa mjini, nikachukua chupa tatu za jamu na vipampu vidogo vya hewa vya maabara, nikazigawia chembe zile. Ya kwanza nikaiacha na maji yake ya chumvi, makali kama yalivyokuwa. Ya pili nikaijaza maji ya koki. Ya tatu nilipunguza chumvi kwa kikombe cha maji ya koki, kidogo kidogo, mpaka Jumapili jioni.

Chupa ya pili haikunichelewesha. Niliivutia kigoda. Chembe zilivimba kwanza, zikang'aa, ukadhani zimefurahi. Kisha zikaanza kupasuka kama kunde zilizolowekwa zikapitiliza, na kufikia alasiri maji yalikuwa uji ule ule. Ya kwanza, iliyokaa kwenye chumvi kali, chembe zake zilikuwa zinazunguka salama. Ya tatu pia zilikuwa salama. Nilizipanga dirishani nikaziangalia. Nilikuwa nimeitafutia chumvi kesi na nikajikamata mwenyewe.

Jumatatu asubuhi nilizibeba chupa zote tatu kwenye sinia mpaka ofisini kwake.

"Shikamoo mama. Hizi za nini?"

"Marahaba. Kaa chini kwanza, mwanangu. Ile Jumamosi nilifungua maji ya mlimani. Niliyaingiza mimi, kwa mkono wangu. Sikuandika."

Nilimwona anahesabu siku alizokaa na ile ripoti, siku alizoamini kwamba kosa ni la kazi yake. Nilikuwa tayari kwa matusi. Macho yake yakajaa machozi, na akayafuta kwa hasira.

"Kwa nini, mama?"

"Niliziona zinazama polepole. Nikajua zinakufa."

"Maji ya chumvi ni mazito. Hata yai linaelea. Chembe lazima zichelewe kuzama." Akafunga macho. "Na mimi sikukwambia hilo. Sikukwambia kwa sababu nilidhani unajua."

Kisha, na hapa ndipo nilipomjua, mkono wake ukaenda wenyewe kwenye chupa ya pili. Akaiinua kwenye mwanga.

"Ulifungua kwa dakika ngapi?"

"Kutoka adhuhuri hadi alasiri."

"Na hii ya tatu ulishusha kwa kikombe gani? Ulisubiri muda gani kati ya kikombe na kikombe?"

Nikamweleza yote. Akaniambia kwamba mdudu anayeishi kwenye chumvi anajijaza vitu ndani mwake ili asikauke, na ukimtia ghafla kwenye maji matupu, maji yanamvamia mpaka anapasuka. Chumvi haikuwaua. Kilichowaua ni kutolewa kwenye chumvi kwa pupa. Wakati wa kupandisha tulipanda kwa ngazi. Wa kushuka hakuna aliyefikiria ngazi.

Kwa chembe za chupa ya kwanza na ya tatu, na maganda yaliyobaki chini ya tangi, tulianza upya. Ilichukua miezi. Idd iliyofuata tulipanda kwa ngazi na kushuka kwa ngazi, na chembe zilivuka. Maji yaliyotoka yalikuwa ya chumvi, ndiyo, lakini hayakuwa na mafuta wala shombo, na Mama Chausiku hakuja na ndoo. Tangi la pili mnalifanyia kazi ninyi leo, kwa hiyo sina haja ya kulisifu.

Lakini nimeruka jambo makusudi, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kabla ya kuanza upya ilibidi ripoti ibadilishwe na isomwe mbele ya meneja na wakuu wa idara. Neema aliniletea rasimu. Ilikuwa imeandikwa: maji yasiyo na chumvi yaliingia kwenye tangi kwa bahati mbaya.

Nikamwambia, "Si kweli."

"Mama, wanachohitaji ni sababu ya kitaalamu. Hawana haja na jina."

"Wanayo. Koki haikujifungua. Kesho kuna mwenzangu atazionea huruma vile vile, atanyamaza vile vile, na ninyi mtailaumu tena chumvi. Andika aliyefungua, andika kwa nini, na andika siku tisa."

Alibisha, nikashinda. Siku ya kikao meneja mwenyewe ndiye aliyeisoma kwa sauti, na alipofika hapo alipunguza mwendo: "Mtendaji wa zamu, Zuhura Mloka, alifungua koki ya maji ya mlimani kwa kuzihurumia chembe, hakuandika kwenye daftari, na alinyamaza siku tisa." Niliangalia kucha zangu. Nikawaza watoto wangu, nikawaza Fundi Mkude, nikaona aibu ambayo sijaiona kabla wala baadaye. Meneja akasema nitaandikiwa barua ya onyo. Niliandikiwa kweli, ninayo nyumbani, na tahajia ya jina langu wameikosea.

Meneja alikuwa anafunua ukurasa unaofuata pale kiti kilipolia upande wa ukuta. Swalehe alikuwa amesimama, na ile sauti yake ya kuadhini ilikuwa imepotea.

"Samahani, bosi. Na mimi niandikwe. Siku za Ijumaa, tukiwa tunawahi swala, maji ya kuloweka siyapitishi kwenye mtego wa mafuta. Nayafungulia moja kwa moja. Tangu mwanzo."

Nikalikumbuka lile povu la Jumamosi. Kabla hajakaa, bwana wa chokaa akainua mkono nusu. Kisha yule wa umeme, ambaye alikuwa anazima kipuliza hewa kila mchana kikipata moto na kukiwasha kabla sisi hatujarudi kutoka kantini. Neema alikuwa ameshafungua ukurasa mpya.

"Kwa muda gani?" akauliza, na hakuna aliyesikia hasira kwenye swali lake. "Polepole, mmoja mmoja. Niambieni kwa muda gani."

Tulikaa mle mpaka chai ikapoa. Nilikuwa nimelitunza tope la kiwanda kile miaka ishirini na saba, na mchana huo ndio nilipoanza kujua tunaliwekea nini.